Barua ya Kazi ya Ng'ambo: Nani Ameisoma?

Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi na wajumbe wa kamati za mitaa na sharika, Engaresero, Wilaya ya Ngorongoro. Yamechapwa kwa ombi la wajumbe ambao hawakuweza kufika.



Mchungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, laigwanani wetu, mama zangu na baba zangu, pamoja na vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa mabenchi. Nawasalimu pia ndugu zetu wafadhili ambao watayasoma maneno haya katika jarida letu. Mtusamehe kwa kuchelewa. Gari lilinasa kwenye mchanga njiani kutoka Mto wa Mbu, na waliotusukuma ni watalii wawili waliokuwa wanakuja kuupanda Mlima wa Mungu. Tumewaombea wafike kileleni salama.

Katibu wa kamati aliniandikia kwamba niongee juu ya "vijana na ajira nje ya nchi". Nilipokubali nilijua kwamba sitaweza kusema juu ya vijana bila kusema juu yangu mwenyewe. Baadhi yenu mnajua habari yenyewe, na wengine mmesikia nusu yake. Leo nitaisema yote.

Miaka miwili iliyopita nilipata barua kutoka shirika moja la kimisioni huko Ujerumani. Walikuwa wananiita kazini kwa mkataba wa miaka 3, kuratibu uhusiano wa sharika za huko na dayosisi za Afrika. Mshahara ulikuwa Euro 2,400 kwa mwezi kabla ya makato. Niliisoma barua ile mara nyingi kuliko nilivyosoma ripoti yoyote ya mradi. Kisha nikaiweka kwenye mkoba wangu, ikakaa humo wiki 6. Mke wangu alijua. Mchungaji hakujua, Katibu Mkuu hakujua, wala kamati yoyote haikujua.

Nilijiambia kwamba naomba kwanza. Kuomba niliomba kweli. Lakini sababu kubwa ilikuwa hofu. Niliogopa kwamba wakijua nataka kuondoka wataanza kunitoa katika mipango, na kama baadaye sikuenda nitabaki kuwa yule aliyetaka kuondoka akashindwa. Nadhani vijana wengi mnaificha barua kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhama kwenyewe si dhambi, na watu wa Ngorongoro hawahitaji mtu wa kuwafundisha kuhama. Ukame wa mwaka 2009 ulipomaliza mifugo katika wilaya zetu, ni familia gani hapa haikuwa na kijana aliyeshuka Arusha, Dar es Salaam au hata Zanzibar kulinda mageti ya watu? Elimeleki na Naomi waliondoka Bethlehemu kwenda Moabu kwa sababu ya njaa, na hatusomi kwamba Mungu aliwalaumu kwa hilo. Na hapa hapa kijijini kwenu, kwenye majivu ya kale yaliyoganda, kuna nyayo zaidi ya 400 za watu waliopita kati ya miaka 5,760 na 19,100 iliyopita. Wataalamu waliochapisha utafiti wao mwaka 2020 wanasema 17 kati ya watu hao walikuwa kundi moja lililokuwa likielekea kusini-magharibi, na wengi wao walikuwa wanawake. Nilipopelekwa kuziona na mmoja wa vijana wenu wanaoongoza wageni, nilichokishangaa ni kwamba walikwenda pamoja. Mimi barua yangu nilikuwa nayo peke yangu.

Sasa, katika wiki ya nne ya kuficha kwangu, nilikuja hapa kwa semina ya kamati ya maji. Jioni akanijia binti mmoja wa usharika huu. Jina lake silitaji, lakini ameniruhusu kuyasema haya. Alikuwa na miaka 23, amemaliza kidato cha nne, na alikuwa anapika katika kambi moja ya watalii, kazi ambayo hulipa msimu wageni wakiwepo na msimu usio wa wageni hailipi. Wadogo zake wawili walikuwa sekondari. Akanisalimu, "Shikamoo baba," akanionyesha simu yake. Ndani ya simu kulikuwa na picha za karatasi nne, mbili za Kiarabu na mbili za Kiingereza. Alikuwa amepata kazi ya ndani Muscat, Oman, kwa mkataba wa miaka 2. Safari ilikuwa baada ya wiki 3.

Niliuliza amelipa nini. Akasema dalali wa mjini alichukua shilingi 350,000 za pasipoti na 450,000 za kushughulikia viza. Baba yake aliuza mitamba miwili. Ndugu zangu, ada ya pasipoti serikalini ni shilingi 150,000, na bei hiyo haihitaji dalali. Nilipomwuliza kwa nini hakumwambia Mchungaji, akajibu, "Angenihubiria."

Na mimi, badala ya kuzisoma zile karatasi, nikamhubiria. Nilimweleza juu ya wito, juu ya nyumbani, juu ya wazee wanaobaki na mbuzi. Nilisema vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinama kama inavyotakiwa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, na ile barua yako ya Ujerumani umempelekea nani aisome?"

Dereva wetu ndiye aliyenichukulia ile bahasha posta. Dereva akishajua, jimbo zima limejua.

Sikuwa na jibu. Nilimwomba tu tukae tusome. Tukamwita mwalimu mmoja ambaye Kiingereza chake ni kizuri, tukawasha taa ya sola, tukasoma zile kurasa mbili neno kwa neno mpaka saa nne usiku. Nataka mwelewe tulichokiona, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichohitaji shahada. Jina la mwajiri halikuwepo, lilikuwepo jina la ofisi tu. Anuani ya nyumba haikuwepo. Siku ya mapumziko haikutajwa. Haikuandikwa nani atalipa tiketi ya kurudi kama kazi ikiisha mapema au kama akiugua. Mshahara uliotajwa kwenye karatasi ulikuwa mdogo kuliko ule ambao dalali alimtajia kwa mdomo. Na viza ilikuwa ya matembezi, siyo ya kazi.

Viza ya matembezi maana yake ni kwamba ukifika, mbele ya sheria wewe si mfanyakazi. Hata ile ya kazi ina mambo yake. Katika nchi za Ghuba upo utaratibu uitwao kafala, ambapo kibali chako cha kukaa kinafungamana na mwajiri aliyekuleta. Ukitoka nyumbani kwake bila idhini unaweza kuhesabiwa mtoro, hata kama umetoka kwa sababu hulipwi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliowahi kufanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi saa nyingi bila mapumziko na kulipwa pungufu ya walichoahidiwa. Wapo pia waliokwenda wakakaa vizuri, wakajenga, wakasomesha, na tukisema hawapo vijana watatuona waongo. Mimi mwenyewe nimeingia katika nyumba ya bati iliyojengwa na fedha za Muscat, na chai yake nimekunywa.

Asubuhi tulipiga simu. Tanzania tunayo Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na wakala anayepeleka watu nje anatakiwa awe na leseni. Huduma ya ajira ya serikali, ambayo wengi tunaijua kwa jina la TaESA tangu ilipoanzishwa mwaka 2008, ipo kwa ajili ya maswali kama haya. Tuliuliza jina la ofisi ile. Haikuwa na leseni. Aidha, Shirika la Kazi Duniani lina msingi unaosema kwamba gharama za kuajiri hazipaswi kumwangukia mfanyakazi. Kwa hiyo mtu anapodai fedha nyingi mapema, na anataka zitumwe kwa simu kwa jina ambalo si la ofisi, hapo ni pa kusimama.

Binti hakusafiri. Kati ya shilingi 800,000 zilirudi 200,000 tu, na mitamba haikurudi. Alinikasirikia miezi mingi, na baba yake pia. Sikuwalaumu.

Nikarudi Arusha, na safari hii niliitoa barua mkobani. Niliipeleka kwa Mchungaji wangu kwanza, naye akashauri niisome mbele ya kamati ndogo ya wazee watatu. Niliona aibu. Lakini mzee mmoja, mtunza hazina mstaafu ambaye hajawahi kupanda ndege, aliuliza maswali ambayo mimi na shahada yangu sikuwa nimejiuliza. Aliuliza, "Makato ni kiasi gani? Nyumba ya huko unapanga kwa kiasi gani? Mkeo atafanya nini? NSSF yako imefika miezi mingapi? Mama yako akiugua, nani atashika kitanda?"

Tukapiga hesabu kwenye karatasi nyuma ya ratiba ya ibada. Kodi ya mapato, bima ya afya na pensheni ya huko zingechukua karibu theluthi moja, ingebaki kama Euro 1,600. Pango la nyumba ndogo 600. Chakula, usafiri, simu na nguo za baridi kama 450. Ingebaki kama 550. Kutuma fedha nako kunagharimu, na kwa nchi zetu za kusini mwa Sahara ni ghali kuliko sehemu nyingine za dunia, karibu 8 kwa kila 100. Tuseme kingefika nyumbani kiasi cha shilingi milioni moja na nusu kwa mwezi. Sitawadanganya, ni nyingi kuliko ninachoweza kubakiza hapa. Lakini mke wangu ni mwalimu, na bila Kijerumani asingepata darasa. Akinifuata, mshahara wake unasimama na matumizi ya huko yanaongezeka, na zile 550 zinaisha. Asiponifuata, watoto wangekaa miaka 3 na mzazi mmoja. Na mimi nilikuwa nimebakiza miezi 26 kutimiza michango ya miezi 180 ya kupata pensheni.

Kuna mzee alimtaja Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza, na akaendelea kuwa askofu kule Bukoba. Alitaka kunionyesha kwamba mtu anaweza kuitumikia dunia bila kuhama. Ni kweli. Lakini yule wa pili akamkumbusha kwamba Kibira huyo huyo alikuwa amesoma Ujerumani na Marekani, na kwamba tusimtumie askofu marehemu kumfunga mtu miguu. Nilifurahi kwa maneno hayo, kwa sababu kikao kilikuwa kinaanza kunielekeza kubaki kabla sijaamua.

Niliamua kubaki. Tangu hapo nimesikia watu wakisema katika sharika kwamba nilikataa Ulaya kwa ajili ya wito. Naomba muache kusema hivyo. Nilibaki kwa sababu ya miezi 26, kwa sababu ya kazi ya mke wangu, na kwa sababu mama yangu alianza dawa za presha mwezi ule ule. Wito ulikuwemo, lakini haukuwa peke yake mezani. Kama ningekuwa na miaka 28 na sina mtoto, huenda leo ningekuwa nawaandikia kutoka huko, na nisingekuwa nimemkosea Mungu. Hata sasa kuna asubuhi, hasa mwisho wa mwezi, naifikiria ile barua.

Yule binti aliondoka. Miezi kumi baadaye alipata wakala mwenye leseni. Safari hii mkataba ulisomwa mezani kwa Mchungaji, ukiwa na jina la mwajiri, anuani, siku ya mapumziko na tiketi ya kurudi. Nakala ya pasipoti, mkataba na namba ya simu ya mwajiri ziko katika jalada la usharika, na namba ya ubalozi wetu Muscat aliiandika ndani ya jalada la Biblia yake na pia akaikariri. Huwapigia wazazi siku yake ya mapumziko. Mwezi wa pili mshahara ulichelewa. Mchungaji alimpigia wakala, wakala akampigia mwajiri, ukalipwa. Siwezi kuapa kwamba usingelipwa bila simu ile. Najua tu kwamba yule mwajiri sasa anajua yupo mtu anayeuliza.

Hata hivyo karatasi nzuri hazizuii kila kitu. Mama wengi wamenijia juu ya Israel, na nawaelewa. Joshua Mollel wa Simanjiro na Clemence Mtenga wa Kilimanjaro walikwenda kule mwaka 2023 kwa mafunzo ya kilimo kwa njia halali kabisa. Waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba mwaka huo, na mwili wa Joshua ulirudishwa nyumbani Novemba 2025 tu. Hakuna kamati ambayo ingeweza kuliona hilo kwenye mkataba. Kwa hiyo mzazi anaposema anaogopa, asijibiwe kwamba imani yake ni ndogo.

Niseme kidogo kwa wafadhili wetu. Mmoja wenu aliniuliza kwa uwazi, na nilimheshimu kwa hilo: kwa nini tuendelee kusomesha wauguzi ikiwa wanaondoka? Swali ni la haki. Shirika la Afya Duniani linaiweka Tanzania katika orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa sababu hiyo Uingereza imejiwekea utaratibu kwamba waajiri wake wasije kututafutia watu hapa. Lakini muuguzi akiomba mwenyewe hazuiwi, na sioni kwa nini azuiwe. Jibu langu ni kwamba mtu tunayemsomesha asaini tangu mwanzo miaka ya kutumika, ijulikane, isiwe ya kubuniwa siku anapoaga. Akimaliza miaka yake, tumwombee aende. Na zahanati ziwe mahali ambapo mtu anaweza kukaa. Ipo moja ya pembezoni, siyo hii yenu, ambako muuguzi aliondoka. Kamati ilikasirika mpaka ikataka jina lake lifutwe katika daftari la washarika. Nilikwenda kuiona nyumba yake. Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda, na maji ya kunywa aliyabeba kutoka korongoni. Katika bajeti tuliyowaletea ninyi wafadhili, ukarabati wa nyumba ile ulikuwa kwenye mstari ambao sisi wenyewe tuliukata.

Kwa vijana mnaotaka kwenda na kurudi, zipo njia za kanisa pia. Mpango wa Ujerumani wa kujitolea uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kupeleka vijana wao kwetu, tangu mwaka 2013 unapokea na vijana wa nchi zetu kwenda kwao kwa muda. Nafasi ni chache, na huwa zinapita katika uhusiano wa sharika. Ulizeni ofisini.

Jambo la mwisho ni zito kidogo. Nimesikia kwamba wapo wazee wa kanisa wanaopewa kitu na madalali kwa kila binti wanayemleta. Sitaji mtu, wala mtaa. Kamati ikubaliane leo, kabla ya chakula, kwamba mjumbe anayepokea fedha hizo hawezi kukaa kwenye meza inayosoma mikataba ya watoto wa wenzake. Liandikwe katika muhtasari, na mtunza hazina asaini.

Jalada lenyewe linakaa kwa Mchungaji, na ufunguo wa pili uko kwa mama mwenyekiti wa wanawake. Mwalimu amekubali kusaidia Kiingereza kila Jumamosi mchana. Kwa Kiarabu bado tunatafuta mtu. Kama kuna anayemfahamu mmoja Karatu au Arusha ambaye tunaweza kumtumia picha za karatasi, anione.

Wenye barua mifukoni, nitakuwa pale chini ya mgunga mpaka saa kumi. Gari lazima liondoke saa kumi na nusu, kwa sababu ya mchanga ule ule. Mwinjilisti, karibu utuongoze katika sala.